Niliyojifunza Siku ya Kina Mama wa Voi

Simu ilinikuta barazani kwa mama, Kibokoni, Mombasa, nikichambua mbaazi. Mpigaji alijitambulisha kuwa mweka hazina wa chama cha kina mama wa Voi. Walikuwa kumi na mmoja, wameweka akiba mwaka mzima, na badala ya kugawana sufuria na mablanketi kama ilivyo desturi yao kila Disemba, safari hii wameamua kutembea. Walikuwa na siku moja tu. Asubuhi waone Mji wa Kale, alasiri wapelekwe shamba la viungo, usiku walale kwao. Kisha akauliza jambo ambalo kwa miaka tisa ya kutembeza wageni sikuwa nimewahi kuulizwa: "Utatutembeza kwa Kiswahili, ama?"

"Kwa lugha gani tena, mama? Mimi mzaliwa wa hapa hapa."

Usiku ule nikajaribu kuipitia ziara kichwani, maneno yakanigomea. Kwa Kiingereza naieleza Ngome, yaani Fort Jesus, hata nikiwa usingizini. Kifaransa na Kitaliano nimejiokotea hotelini, na vinanitosha. Kwa Kiswahili, lugha niliyonyonya kwa mama, sikuwa na hata sentensi moja ya kuanzia. Nikajikuta natafsiri maneno niliyokaririshwa na aliyenifunza kazi, naye alikaririshwa na wa kabla yake. Na nilipoyasikia kwa lugha yangu, baadhi yake yalikuwa na mlio wa uongo. Hapo ningeamka nikawasha taa nikayachuja. Sikuamka.

Ilikuwa Ijumaa. Nilipanga wafike saa moja na nusu asubuhi ili tumalize Mji wa Kale kabla watu hawajaanza kumiminika misikitini. Kutoka Voi ni kama kilomita 150, lakini kilomita za barabara ile hazihesabiki kwa saa. Malori yakifungana Mariakani, yamefungana. Wakaingia saa tatu kasoro. Tangu siku ile sipangi ziara ya Ijumaa asubuhi kwa watu wanaotoka mbali, hata wakinibembeleza vipi.

Tulianza na mahamri na mbaazi za nazi, maana mtu aliyeamka saa tisa usiku hasikilizi historia. Nami nikafanya jambo nisilowahi kuwafanyia wageni wengine: sikueleza chochote. Nikawaacha wale. Hamri la pili lilipofika mkononi, mmoja wao akalifungua katikati, akalinusa, akasema, "Hapa kuna iliki, lakini si ile ninayonunua ya unga." Akaitwa mpishi. Akaja na kinu chake kidogo cha mbao, ndani maganda ya iliki iliyotwangwa asubuhi ile ile, na akawaeleza kwamba unga hukandwa kwa tui na kwamba iliki ikishasagwa na kukaa dukani wiki tatu, harufu imeshakwenda zake. Ziara ya viungo ikawa imeanza pale, saa tatu na nusu, kwenye meza ya plastiki, kabla sijafungua mdomo.

Ngomeni nilikuwa na mazoea yangu. Huanzia nje, chini ya ukuta. Nataja mwaka 1593 Wareno walipoanza kujenga, 1596 walipomaliza, Mtaliano Cairati aliyechora ramani, na umbo la mtu aliyelala chali ukiitazama kutoka juu. Kisha mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, miezi 33, njaa na maradhi yakiua wengi kuliko risasi, na Waswahili wakiwa pande zote mbili za ukuta. Halafu mizinga. Waingereza huwapa sentensi moja: wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikawa makumbusho. Baada ya hapo huwa nimeshageuka, nakwenda kuonyesha michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na mabaharia Wareno.

Siku ile nilipogeuka, hawakunifuata. Mkubwa wao, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye wenzake walimwita Nyanya, alikuwa amesimama pale pale.

"Jela mpaka lini umesema?"

"Mpaka 1958, Nyanya."

"Basi ndimo humu." Akautazama ukuta kutoka chini hadi juu, taratibu, kama anayesoma. "Baba alifungwa humu. Mambo ya kodi. Mimi nilikuwa mdogo, meno ya mbele sina. Alituambia bahari aliisikia usiku kucha na hakuiona hata siku moja mpaka walipomfungulia."

Nimepeleka maelfu ya watu kwenye ukuta wa upande wa bahari, na kazi yangu pale imekuwa kushika simu zao na kuwapiga picha. Nikamshika Nyanya mkono tukaenda. Aliweka viganja vyote viwili juu ya lile jiwe la matumbawe, lenye vishimo vishimo ambamo ukitazama kwa karibu utaona alama za viumbe vya baharini, akaangalia mlango wa maji ambamo majahazi huingilia Bandari ya Kale. Hakuna aliyetoa simu. Aliposhiba kutazama akaniuliza walilala wapi, walikula nini, walikuwa wangapi chumba kimoja. Nilikuwa nimejifunza unene wa kuta na urefu wa mizinga. Ya wafungwa sikuwa nimejishughulisha nayo, na nikamwambia hivyo waziwazi, kwa sababu mtoto wa mfungwa hastahili kupewa jibu la kuokoteza.

Aliyetutoa kwenye ule ukimya alikuwa mwalimu mstaafu katika kundi. "Hili neno gereza," akasema, "ni la wapi hasa?"

Hilo nililijua tangu shule. Ni neno la Wareno, igreja, maana yake kanisa. Ndani ya kuta hizi walikuwa na kanisa lao, na kinywani mwa Waswahili jina hilo likahama taratibu mpaka likawa jina la mahali pa kufungia watu. Nikawapa na mengine: meza, mvinyo, bendera. Na leso, kitambaa chenyewe walichokuwa wamejifunga viunoni kwa ajili ya safari. Kina mama wakashika leso zao wakazitazama upya. Miaka tisa, na hilo sijawahi kumwambia mgeni yeyote, kwa sababu kwa Kifaransa halina ladha. Lazima uwe unasema gereza kila siku ndipo likuguse kwamba uliletewa na watu wa merikebu.

Kuanzia pale nikaacha kutafsiri. Tulipoingia Ndia Kuu nikawauliza wao: mbona ndia, si njia? Wakajibu wenyewe, ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na mmoja akaanza kutaja maneno ya Kidawida, lugha ya Wataita, yanayofanana na yetu, tukawa tunatembea tukilinganisha. Kichochoro kile ukikipita kwa Kiingereza unaona balconi za mbao na nyumba za wafanyabiashara, unataja jumba la Leven na manowari ya Waingereza iliyolipa jina, iliyotia nanga hapa 1824, unaendelea. Ukikipita kwa Kiswahili, kila baraza ina mtu anayekusikia. Hilo la kusikiwa nilikuwa nimelisahau.

Tukafika kwenye mlango mmoja ninaoupenda, mbao nzito nyeusi, njumu, yaani misumari ya shaba, zimejipanga safu safu, zimechongoka. Nikatoa hadithi yangu, ile inayosimuliwa Lamu, Zanzibar na hapa: njumu hizi ziliwekwa ili ndovu wa vita wasiuvunje mlango kwa vichwa vyao.

Kimya. Wakatazamana. Kisha mama mmoja kutoka Sagalla, mkulima, akaniambia kwa upole, kama anavyosemeshwa mtoto wa dada, "Mwanangu, ndovu sisi tunaishi nao."

Na kwa kweli ningepaswa kulifikiria hilo. Voi imepakana na mbuga ya Tsavo. Watu hawa hulala wakisikia matawi yakivunjika. "Ndovu akinusa mahindi ghalani," akaendelea, "hahangaiki na mlango. Huegemeza kichwa ukutani, au huingiza mkonga darini, bati likaondoka. Mlango huubakisha umesimama. Na hapa," akanyoosha mikono yake miwili, ikakaribia kugusa kuta za pande zote, "ndovu angepita wapi?"

Mwili ulinitoka jasho. Si kwa sababu alinisahihisha, maana alinisahihisha kwa adabu zote. Ni kwamba hadithi ile nilikuwa nimeiuza kwa mamia ya watu ambao hawakuwa na namna ya kunipinga, na nililipwa kwa ajili yake.

Kibarazani upande wa pili alikaa fundi seremala mzee ambaye hunipita kila siku na salamu tu. Akaita, "Ndoo hapa, mwanangu. Waleteni." Tukavuka. Akasema mtindo wa njumu ulikuja na wafanyabiashara na mafundi kutoka Bara Hindi, na kwamba hapa ulikuwa pambo na heshima. Aliyekuwa nazo aliweka nyingi, akang'arisha, na mpita njia akajua nyumba ina uwezo. Vita vya ndovu kichochoroni havikuwahi kuwapo. Kisha akainuka, magoti yakimpa tabu, akaenda mlangoni, akamshika Nyanya kidole cha shahada na kukiweka juu ya ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili. "Huu waitwa mfaa," akasema. "Shuka nao."

Nami nikapitisha kidole changu baada yake. Juu, zaidi ya kimo cha mtu, nakshi ni kali, ukingo wa kila ua waukuna ukucha. Ukishuka kifuani inaanza kulainika. Kwenye kimo cha kiganja cha mtu anayesukuma mlango, maua yamekwisha kabisa, pamebaki bonde laini kama sabuni iliyotumika. Vizazi vya mikono. Chini karibu na kizingiti nakshi inarudi kidogo, kisha inaliwa tena na maji ya kusugulia sakafu. Nimesimama mbele ya mlango ule labda mara elfu moja, na daima nimesimama hatua tatu nyuma, palipo pazuri pa picha.

Nilikuwa na hadithi nyingine akibani, ya handaki la chini kwa chini linalodaiwa kwenda hadi baharini. Siku ile sikuitoa, na sijaitoa tena.

Adhana ya Ijumaa ilitukuta karibu na Msikiti wa Mandhry, ule wa mwaka 1570 wenye mnara mnene chini na mwembamba juu. Hatukusogea karibu, wanaume walikuwa wakiingia. Tulikaa upande wa kivuli, muuza kahawa akatupitishia dele lake, kahawa tungu kwenye vikombe vidogo, yenye tangawizi na iliki. Nikawasimulia habari ya Ibn Battuta aliyefika hapa 1331 akaandika kwamba watu wa Mombasa chakula chao ni ndizi na samaki, wanatembea miguu mitupu, na kwenye milango ya misikiti pana visima, anayetaka kuingia huosha miguu kwanza. Wakati nasema hayo tulikuwa tunawaona watu wakitawadha. Sikuhitaji kuongeza neno. Mama mmoja alitaka kumpiga picha bibi aliyekaa dirishani. Nikamwambia amuombe kwanza. Akaombwa, akakataa, wakaishia kuzungumza robo saa juu ya wajukuu.

Leso nilizitengea dakika kumi, Mtaa wa Biashara. Zilichukua dakika hamsini. Mtembeza wageni anayedhani atawavusha wanawake kumi na mmoja mtaa ule kwa dakika kumi, na kila mmoja anasoma jina la kila leso kwa sauti na kufikiria nani ataudhika nalo, hajawahi kuwa na shangazi.

Ndipo tukaingia Marikiti, soko lililojengwa 1914 pale Digo Road, ambalo kwa vitabu vya watalii lina jina jingine na kwa watu wa Mombasa halijawahi kuwa na jina lingine ila Marikiti. Hapa huwa nawapeleka wageni kwenye kibanda kimoja ninachokijua, wananunua vifuko vilivyokwisha fungwa, tunatoka. Kina mama hawa walikuja kununua vya mwaka mzima na wakanionyesha ziara ya sokoni inavyofanywa. Walipita vibanda vyote kwanza bila kununua. Walisugua uzile viganjani. Walibonyeza karafuu kwa ukucha kuona kama inatoa mafuta, na mwuza mmoja kijana, aliyeona anapimwa, akaleta bilauri ya maji mwenyewe: karafuu nzuri akaitumbukiza, ikasimama wima kichwa juu, akachukua nyingine iliyokwisha kamuliwa mafuta, ikalala ubavu juu ya maji. Akapata wateja watano kwa mpigo. Kwenye mdalasini akawaonyesha vipande viwili. Kimoja ni gome nene, gumu, limejikunja mkunjo mmoja. Hicho ni kasia, kinatoka Asia na ndicho kinachojaa madukani. Kingine ni magome membamba kama karatasi, yamelaliana ndani kwa ndani mithili ya sigara, ukikibana kinavunjika. Huo ndio mdalasini wenyewe. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, na nilimwonea fahari kana kwamba ni ndugu yangu.

Feri ilitutia saa nzima na zaidi. Abiria tulishuka garini tukavuka kwa miguu, gari likasubiri zamu yake. Nyanya hakuwa amewahi kupanda chombo chochote cha majini, akakaa katikati amefumba macho mpaka Likoni.

Shamba liko Kwale. Ukifika Kombani unaiacha barabara ya pwani na kuanza kupanda, minazi inapungua, miembe inaongezeka, na hewa inabadilika kabla hujaona kwa nini. Mwenye shamba ni mzee wa Kidigo, analilima na mkewe na wana wawili. Kwa wageni wa hoteli tuna utaratibu: kijana anapanda mnazi huku akiimba, anawasukia kofia za makuti, anapasua tunda la biksa, lile ambalo Zanzibar huitwa mzingefuri, na kuwapaka wanawake midomo kwa rangi yake nyekundu. Watu hucheka, hupiga picha, hutoa bahashishi.

Kijana alipoanza kupanda mnazi, mama wa Sagalla akamwambia, "Shuka mwanangu, utaumia. Tuonyeshe mashina."

Sijawahi kuona ziara ya shamba kama ile. Walikuwa wakulima wakikagua kazi ya mkulima mwenzao. Pilipili manga iliyotambaa juu ya mwembe waliiuliza maswali mpaka mzee akaenda kuchukua kiti. Hupandwa kwa mbegu au kwa vipandikizi? Kwa vipandikizi. Huzaa baada ya muda gani? Mwaka wa tatu hivi, ukiitunza. Na ile nyeupe ya madukani ni mti mwingine? Hapana, akasema mzee, mti ni huu huu. Ukichuma mbichi na kuanika juani zinasinyaa, zinakuwa nyeusi. Ukiziacha ziive, ukaziloweka na kuziondoa ganda, unapata nyeupe. Wakatingisha vichwa. Biksa waliipita haraka kwenye rangi ya midomo na kukaa sana kwenye bei, maana Kwale ndiko inakolimwa zaidi nchini, na rangi ile huishia kwenye siagi na jibini za nchi za mbali. Iliki je? Mzee akasema alijaribu, haikumpenda. Inataka baridi na ukungu wa milimani, kama Usambara.

Kwenye mdalasini mzee alichomoa kisu kidogo. Alikata tawi la unene wa kidole gumba, akakwangua ganda la nje la kijivu mpaka kukabaki unyevu wa kijani, akapitisha ncha ya kisu mistari miwili kwa urefu, kisha kwa mgongo wa kisu akasugua, taratibu, akisikiliza. Gome la ndani likaachia kwa mlio mdogo wa kulowa. Akampa Nyanya. Lilikuwa laini kama ngozi ya kitumba, jeupe ndani, na wakati tumesimama tunaligusa kwa zamu, kingo zake zikaanza zenyewe kujikunja. Akatafuna kidogo. "Tamu kabla ya kuwa kali," akasema. Mzee akachimbua na mzizi akaukwangua, ukanuka kafuri. Jani ukilifikicha linanuka karafuu. Mti mmoja.

Kisha Nyanya, bado ana lile gome mkononi, akauliza, "Hapa hakuna ndovu?"

Mzee akacheka kwa uchungu. Msitu wa Shimba hauko mbali, na ua wa umeme haumzuii kila mmoja. Ndipo mama wa Sagalla akakaa chini, akachora kwa kijiti. Kwao wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na ndovu hawapendi kabisa nyuki. Unazuia mazao na unavuna asali. Mzee aliuliza umbali kati ya mzinga na mzinga. Aliuliza kimo. Akamwita mwanawe aje aandike. Kwa nusu saa sikuwa na kazi yoyote, nikasimama chini ya mwembe, na ile hadithi yangu ya njumu ikanirudia kichwani yote.

Tulikula wali wa nazi, samaki wa mchuzi na mboga ya mtsunga uliopikwa kwa tui, uchungu wake umeachwa kama unavyotakiwa. Baada ya chakula, kwenye mkeka, mzee akatuonyesha mkarafuu wake wa pekee, akaeleza kwamba kinachochumwa ni kitumba kabla hakijafunguka, hutenganishwa na makonyo na kuanikwa juani. Mwalimu mstaafu akauliza lile swali ambalo hujitahidi lisiulizwe shambani.

"Zamani, haya mashamba makubwa ya karafuu, nani alikuwa akichuma?"

Kwa wageni wengine ningesema tu kwamba karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, ikaletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ikaifanya tajiri. Siku ile nilikaa chini nikasema yote niliyoyajua. Kwamba walichuma watumwa, waliotolewa bara, wengine wakipitishwa nchi kama zile za kwao. Kwamba kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ndiyo ikabaki yenye nguvu. Kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe uliondolewa kisheria kule 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya ikangoja hadi 1907. Kwamba ukivuka Nyali ukafika Kengeleni, jina lile ni la kengele ya Frere Town, walikowekwa watu waliokombolewa kutoka majahazini. Kila siku makondakta huliita jina hilo mara elfu: Kengeleni, Kengeleni, shukeni.

Mke wa mzee alikuwa akikusanya sahani. Akasimama. Akasema nyumba yao nayo ina mababu wa pande zote mbili, waliouzwa na waliouza, na kwamba bibi yake hakupenda litajwe. Kisha akaendelea kukusanya sahani. Nyanya akainuka akamsaidia.

Niliogopa nimewaharibia siku. Kwenye gari, tukiteremka Kwale, waliimba hadi Kombani. Wawili wenye mashamba juu milimani, upande wa Wundanyi, walikuwa wamebeba vipandikizi vya pilipili manga vilivyofungwa kwa jani la mgomba. Wale wa chini Voi mzee aliwakatalia waziwazi, akawaambia kwao ni pakavu mno, wasipoteze nguvu. Nilipenda kukataa kule. Mimi ningewauzia.

Jumatatu iliyofuata sikuwa na wageni. Nilichukua daftari na robo ya kahawa nikaenda Ndia Kuu kwa yule fundi seremala, nikamwomba anitajie mlango wote, kutoka juu hadi chini, nami niandike. Mfaa. Mwimo wa kulia na mwimo wa kushoto. Kizingiti cha juu na cha chini. Bawaba, komeo, tumbuu. Akataja na nakshi, ua kwa ua, mnyororo, wimbi, mtende. Tulipofika kwenye kile kipande kilichochongwa juu ya mlango, palipoandikwa aya, akanyamaza, akakuna ndevu. Akasema hicho marehemu baba yake alikuwa na jina lake maalumu, lipo, liko hapa ulimini. Akanituma nikamletee kahawa nyingine wakati anaendelea kulitafuta.